Gari Hili Liliundwa Lini? Kutatua Utata wa Tarehe kwenye Magari ya Spoti ya Kijapani ya Zamani

Mtu akikuambia Datsun 240Z yake ni ya 1970, muulize ni 1970 ipi. Ipo 1970 ya kiwandani, yaani mwezi ambao gari lilimalizwa kuunganishwa. Ipo 1970 ya modeli, mwaka wa kibiashara ambao huanza kabla kalenda haijaufikia. Na ipo 1970 ya usajili, siku mnunuzi wa kwanza alipokabidhiwa karatasi. Tarehe hizi zinaweza kupishana kwa wiki chache au kwa mwaka mzima na zaidi. Mabishano mengi kuhusu umri wa magari haya ni ya watu wawili wanaotaja tarehe mbili tofauti, na wote wawili wana haki.

Tofauti hiyo ina uzito. Marekani huruhusu gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyake liingie nchini likishatimiza miaka 25, na hesabu huanzia mwezi wa kuundwa, haianzii mwaka wa modeli. Uingereza huondoa kodi ya barabara kwa gari lililopita miaka 40 tangu liundwe. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, huanzia miaka 30. Hata kabla ya kufika kwenye ofisi yoyote, fundi anayeagiza kipuri hukwama asipojua mwezi, maana viwanda vya Japani vilikuwa vikibadilisha vitu katikati ya mwaka bila kutangaza.

Kanuni moja inabeba kazi yote: gari haliwezi kuwa limeundwa kabla ya kipande chake cha asili kilichotengenezwa mwisho, wala baada ya siku liliposajiliwa mara ya kwanza. Jibu liko katikati ya mipaka hiyo miwili. Unachofanya ni kuisogeza ikaribiane kadiri ushahidi unavyoruhusu, kisha kusimama hapo.

Dalili: kadi ya usajili inataja mwaka mmoja, gari linataja mwingine

Hii ndiyo inayoleta watu wengi, na mara nyingi hakuna kasoro yoyote. 240Z za kwanza kwa soko la Marekani ziliundwa mwishoni mwa 1969 na kuuzwa kama modeli ya 1970. Vivyo hivyo 260Z: zilianza kuundwa katika nusu ya pili ya 1973, lakini kule Marekani zote ni za modeli ya 1974. Ukikuta kibati cha mlangoni kinasema 11/73 na hati inasema 1974, usimshuku mtu.

Kinyume chake pia hutokea. Gari lililokaa kwa muuzaji bila mteja liliweza kuandikiwa hati kwa mwaka lilipouzwa, kwa hiyo gari lililomalizwa vuli ya 1970 likasafiri miongo yote likiitwa la 1972. Hati ikitaja mwaka wa mbele kuliko gari, sababu ya kwanza ya kuchunguza ni hiyo.

Magari yaliyouzwa Marekani yana msaada mkubwa ambao mengine hayana: kibati au lebo kwenye nguzo ya mlango wa dereva yenye mwezi na mwaka. Sheria ya huko inaeleza kwamba tarehe hiyo ni wakati kazi ya kuunganisha gari ilipokamilika katika kiwanda kikuu. Huo ndio mwezi wa kuundwa, na kama kibati ni cha asili na namba yake inalingana na ya bodi, umemaliza. Hakuna haja ya kuchimba zaidi.

Kwa gari lililouzwa Australia, tazama vizuri ni kibati gani unachosoma. Kibati cha kuthibitisha kwamba gari limetimiza kanuni za huko kina tarehe yake, nayo huja baada ya tarehe ya kuundwa, kwa kuwa meli ilichukua muda na gari likasubiri. Uingereza nako, herufi ya mwaka kwenye namba za barabarani inazungumzia usajili peke yake. Gari lililoingia kutoka Japani likiwa limetumika hupewa namba inayolingana na umri uliothibitishwa kwa karatasi, kwa hiyo kama karatasi zilikosewa, namba nayo imekosea.

Dalili: mwaka kwenye karatasi hauwezekani kabisa

Nissan Skyline inayoitwa ya 1948. Toyota Soarer ya 1963. Karatasi ni halali, mhuri ni halali, lakini gari la aina hiyo halikuwa limebuniwa.

Japani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wake, na karatasi za ndani ya nchi huandikwa hivyo. Enzi ya Showa huandikwa 昭和 au kwa herufi S. Ongeza 1925 kwenye namba ya mwaka: Showa 44 ni 1969, Showa 48 ni 1973, Showa 63 ni 1988. Enzi ya Heisei huandikwa 平成 au H, na hapo unaongeza 1988: Heisei 1 ni 1989, Heisei 6 ni 1994. Reiwa, 令和 au R, ilianza Mei 2019, ongeza 2018. Mpangilio wa tarehe ni mwaka, mwezi, siku, hivyo 48.3.5 ni tarehe 5 Machi 1973.

Sasa unaona Skyline ya 1948 ilikotoka. Mtu aliiona 48, akaweka 19 mbele yake, akaendelea na kazi. Kosa hili likishaingia kwenye kadi ya nchi ya pili hurithiwa na kila karatasi inayofuata, na mnunuzi wa tatu huambiwa kwamba ndivyo serikali inavyosema. Dawa ni kuitafuta karatasi ya Kijapani ya mwanzo, au nakala yake, na kuhesabu upya.

Mpaka wa enzi mbili unastahili uangalifu wa pekee. Showa 64 ilidumu siku saba tu, kuanzia tarehe 1 hadi 7 Januari 1989. Kesho yake Heisei ikaanza. Gari lililosajiliwa Heisei 1 mwezi wa kwanza au wa pili linaweza kabisa kuwa liliundwa Showa 63, yaani 1988. Na unaweza kuutumia mpaka huo kama kichujio: Skyline GT-R ya BNR32 ilianza kuuzwa Agosti 1989, kwa hiyo karatasi inayodai BNR32 ilisajiliwa katika enzi ya Showa ina tatizo, ama ya gari jingine ama imesomwa vibaya.

Kosa jingine dogo: karatasi ya Kijapani huwa na tarehe zaidi ya moja. Kuna tarehe ya kutolewa kwa karatasi yenyewe, kuna ya mwisho wa ukaguzi, na kuna mwaka na mwezi wa usajili wa kwanza. Unayoitaka ni hiyo ya mwisho. Ukiona R3 usidhani umepata chochote kuhusu gari. Hiyo ni 2021, siku mtu alipokwenda dirishani.

Na hata ukiipata, kumbuka kuwa ni usajili. Hati ya kuondoa gari nchini Japani haina mwezi wa kuundwa. Inakupa mpaka wa juu, na huo ni mpaka madhubuti sana, kwa sababu gari halikuweza kusajiliwa kabla halijakuwepo.

Dalili: umeweka namba kwenye kikokotoo cha mtandaoni, kimekataa au kimekupa upuuzi

Vikokotoo hivyo vinatarajia namba ya herufi na tarakimu 17. Marekani iliilazimisha kuanzia modeli ya 1981. Gari lolote la kabla ya hapo lina namba fupi ya kiwanda, kama HLS30 ikifuatwa na tarakimu, na ndani yake hakuna mwaka uliofichwa. Magari ya soko la ndani la Japani hayana namba ya 17 hata yale ya miaka ya 1990: BNR32, JZA80 (Toyota Supra), FD3S (Mazda RX-7), AE86 (Toyota Corolla Levin na Sprinter Trueno), kila moja ni msimbo wa aina, mstari mfupi, kisha namba ya mfululizo. Kikokotoo kikikukatalia, gari lako halina ubaya.

Kama unayo ya 17, hesabu hadi ya kumi. Kwa gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani, herufi hiyo ni mwaka wa modeli: A ni 1980, B 1981, C 1982, D 1983, E 1984, F 1985, G 1986, H 1987, kisha I inarukwa na J ni 1988, K 1989, L 1990, M 1991, N 1992, P 1993, R 1994, S 1995, T 1996, V 1997, W 1998, X 1999, Y 2000, halafu tarakimu 1 ni 2001. Herufi I, O na Q hazitumiki popote kwenye namba hizo ili zisichanganywe na tarakimu, na katika nafasi hii U, Z na sifuri pia hazimo. Mzunguko hurudia baada ya miaka 30, ndiyo maana kikokotoo kivivu kinaweza kukwambia RX-7 yako ya B ni ya 2011.

Kwa magari ya Ulaya na masoko mengine, nafasi ya kumi mara nyingi imejazwa tu. Ukiona sifuri pale, achana nayo. Na hata herufi ikiwa sahihi, bado ni mwaka wa modeli, si mwezi wa kiwandani.

Dalili: namba ya chasisi ipo na ni safi, lakini haisemi tarehe

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo ninapoamini mtu hapaswi kuharakisha.

Anza na herufi kabla ya mstari, kwa kuwa peke yake tayari hufunga dirisha. Mazda Cosmo Sport ya L10A iliundwa kuanzia Mei 1967 hadi katikati ya 1968, magari 343 tu. L10B ikafuata hadi 1972, magari 833, ikiwa na umbali kati ya magurudumu ulioongezwa milimita 150 na gia tano badala ya nne. Ukisoma L10A umeshabakiwa na miezi kama kumi na mitano ya kuchagua. Skyline GT-R ya PGC10 yenye milango minne ilitoka Februari 1969. KPGC10 ya milango miwili ikaja Oktoba 1970. KPGC110 ni ya 1973, na zilikuwa 197. Kwenye familia ya Fairlady Z ya Nissan, ambayo nje ya Japani ndiyo Datsun 240Z na 260Z, S30 bila herufi mbele ni ya Japani yenye injini ya lita 2.0, PS30 ni Z432 yenye injini ya S20, HS30 ni lita 2.4 ya usukani wa kulia, na HLS30 ni ya usukani wa kushoto. R ikichukua nafasi ya H, ni 260Z, na G ikitangulia ni ile ya viti vinne.

Kisha njoo kwenye tarakimu. Baadhi ya watengenezaji waliweka hatua za toleo ndani ya namba yenyewe. FD3S ya Japani ni mfano mzuri: tarakimu ya kwanza baada ya mstari ni 1 kwa toleo la kwanza la 1991, na inapanda hadi 6 kwa toleo la mwisho lililoanza 2000. FD3S-4 inakuambia papo hapo kwamba gari halikuundwa kabla ya toleo la nne, ambalo ni la Januari 1996. Honda walifanya jambo linalofanana kwenye magari yao ya miaka ya 1990: namba zinazoanza na 100 ni za mwanzo, 110 ni baada ya badiliko la kwanza, 120 la pili, na kuendelea.

Nissan ya S30 ni ngumu zaidi. Kila msimbo ulikuwa na mfululizo wake, hivyo HS30-00500 na HLS30-00500 hazina uhusiano wa kitarehe hata kidogo. Mfululizo wa HLS30 una mapengo: namba ziliruka mbele mwaka wa modeli ulipobadilika, kwa hiyo huwezi kugawanya idadi kwa miezi ukadhani umepata jibu. Tena bodi hazikutoka kiwandani Hiratsuka kwa mpangilio kamili wa namba. Magari mawili yenye namba zinazofuatana yanaweza kuwa na vibati vya miezi miwili tofauti, na yote mawili ni halali.

Kwa hiyo unapanga majirani. Wapenzi wa magari haya wameweka orodha za magari yaliyopo, namba pamoja na mwezi wa kibati cha mlangoni. Tafuta namba zilizo karibu na yako, juu na chini, za msimbo uleule. Ukipata tano au sita zenye mwezi mmoja na yako iko katikati yao, una jibu la kuaminika. Ukipata mbili tu na zinapishana miezi mitatu, andika miezi mitatu. Usichague ule unaokupendeza.

Kwa magari ya miaka ya 1980 na 1990 kuna njia fupi: katalogi ya vipuri ya kielektroniki ya mtengenezaji. Ukiingiza namba kamili ya chasisi kwenye ya Nissan au ya Toyota, itakuonyesha mwaka na mwezi wa kuundwa pamoja na rangi na vifaa gari lilivyotoka navyo. Ushahidi huu ni mzuri kuliko karibu vyote, kwa sababu unatoka kwenye kumbukumbu za kiwanda. Rangi na vifaa hivyo vikipingana na gari lililo mbele yako, nenda moja kwa moja kwenye dalili inayofuata.

Katalogi za karatasi za zamani nazo zina hazina. Vipuri vyake hupangwa kwa vipindi, kutoka mwezi fulani hadi mwezi fulani. Kila kipuri cha asili unachokitambua kinakupa kipindi, na vipindi vinapopishana sehemu ya pamoja hupungua.

Dalili: kibati na bodi havikubaliani, au kibati hakipo

Kibati kimefungwa kwa riveti na kinaweza kung'olewa. Namba iliyopigwa kwenye chuma cha bodi, ambayo kwa 240Z na magari mengi ya wakati ule iko kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, ndiyo gari. Zikitofautiana, tarehe ya kibati haina kazi tena kwako mpaka ujue kilitoka wapi.

Sababu ya kawaida ni kutu. Bodi za miaka ya 1970 zilioza vibaya, na wengi walinunua bodi nzima ya gari jingine wakahamishia injini, viti na karatasi. Gari kama hilo lina tarehe mbili za kweli, ya bodi na ya karatasi, na mwenye nalo anapaswa kuzitaja zote mbili. Sababu ya pili ni kibati kilichotengenezwa upya baada ya kile cha zamani kuharibika. Tazama riveti: za asili zina umbo na ukubwa sawa, na rangi ya mwanzo kwa kawaida iko chini ya kibati.

Sababu ya tatu ni udanganyifu, na magari adimu ndiyo yanayovutia wadanganyifu. Pitisha kidole nyuma ya mahali palipopigwa namba kama panafikika. Tafuta mshono wa kuchomelea, chuma cha kujazia, au alama za kusaga. Linganisha umbo la tarakimu na picha za magari ambayo hayajawahi kunyooshwa bodi. Ukiona namba imeguswa, simama. Usiijaribu kuirekebisha, usiisafishe kwa jiwe. Kubadili namba ya chasisi ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na hatua inayofuata ni ya mkaguzi na ya mamlaka ya usajili.

Namba ya injini isikuchanganye hapa. Kwenye injini ya L24, ile ya 240Z, imepigwa pembeni mwa bloku, upande wa plagi, kwa nyuma, chini kidogo ya silinda hedi. Kibati cha ndani ya boneti cha 240Z za nje ya Japani kiliandikwa namba ya gari na ya injini pamoja, hivyo zikilingana unajua injini ni ya kuzaliwa nayo. Zisipolingana unajua tu kwamba injini ilibadilishwa, jambo la kawaida kabisa kwa gari la miaka hamsini, na mwezi wa kuundwa kwa bodi haujasogea hata siku moja.

Dalili: kila kipande kinataja tarehe yake

Furahi. Hii ni hali njema, hata kama mwanzoni inaonekana fujo.

Lebo ya mkanda wa kiti huwa na mwaka, na mara nyingi mwezi pia. Marekani ilidai mwaka uandikwe. Vyombo vya plastiki na vya alumini vya kumimina vina saa ndogo, duara lenye mwaka katikati na mshale au vitone vinavyoonyesha mwezi. Utazikuta nyuma ya taa, chini ya masanduku ya hewa, ndani ya vifuniko vya dashibodi. Rimu nyingi za chuma zimepigwa tarehe kwa ndani. Vioo vina alama ya mtengenezaji, na vya upande ambavyo havijavunjika vyote vinapaswa kuwa na alama za jamii moja. Tairi la akiba ambalo halijawahi kuguswa ni zawadi, ila kabla ya 2000 msimbo wake ulikuwa na tarakimu tatu, mbili za wiki na moja ya mwaka, kwa hiyo muongo lazima uujue kwa njia nyingine.

Ziandike zote kwa mpangilio wa tarehe. Kisha ziondoe zinazobadilishwa mara kwa mara: kioo cha mbele, taa, jenereta, rejeta. Kati ya zilizobaki, itafute ya mwisho kabisa. Gari liliundwa baada ya hiyo, kwa kawaida ndani ya wiki au miezi michache, kwa sababu viwanda vya Japani havikupenda kulimbikiza vipuri ghalani.

Chukua gari lenye mikanda ya Septemba 1970, rimu za Agosti na Oktoba 1970, vioo vya upande vya jamii moja, na kioo cha mbele cha 1978. Cha 1978 kinatoka, kimewahi kuvunjika. Kipande cha mwisho ni rimu ya Oktoba. Karatasi inasema lilisajiliwa Februari 1971. Basi gari liliundwa kati ya Oktoba 1970 na Februari 1971, na namba za majirani zitakusaidia kukata kipande kingine. Tayari unajua kwamba anayeliita la 1972 amekosea, na hukuhitaji barua kutoka kiwandani.

Angalizo moja: kipande kimoja kilicho mbele sana ya vingine ni ukarabati, lakini vitatu au vinne vya mwezi mmoja vilivyo mbele ya tarehe unayodaiwa ni ushahidi. Usivitupe kwa sababu vinaharibu hadithi.

Dalili: sura ya gari haiendani na tarehe

240Z za mwanzo zina matundu ya hewa kwenye mlango wa nyuma, na nembo ya 240Z kwenye nguzo ya nyuma. Mwanzoni mwa 1971 matundu yakahamia kwenye nguzo, nyuma ya nembo ya duara yenye herufi Z. Silinda hedi ya mwanzo imemiminwa ikiwa na alama E31, baadaye E88. Kabureta za kichwa cha mviringo zilidumu hadi modeli ya 1972 kule Marekani; za kichwa bapa ni za 1973, na wenye magari walizing'oa haraka sana, ndiyo maana kabureta ni shahidi dhaifu kuliko tundu la hewa lililo ndani ya chuma.

Hilo ndilo la kushika kwenye sehemu hii yote: amini kilichochomelewa kuliko kilichofungwa kwa bolti. AE86 ilibadilishwa sura Mei 1985, na vijana kwa miongo mitatu wamekuwa wakifunga taa za nyuma na bampa za toleo la pili kwenye gari la kwanza. FD3S za 1992 zenye pua ya 1999 zimejaa kila mahali. Kwenye Datsun za wazi, kioo kifupi cha mbele ni cha kabla ya modeli ya 1968, na kukibadilisha ni kazi kubwa kwa kuwa na dashibodi ilibadilika, hivyo ushahidi wake una nguvu. Honda S800 za mwanzo bado zina mnyororo kila gurudumu la nyuma, kabla Honda hawajahamia ekseli ya kawaida. Hakuna anayebadilisha hilo kwa urembo.

Jibu lako ukilipeleka mezani

Andika dirisha, siyo siku: "kati ya Novemba 1970 na Januari 1971". Chini yake orodhesha kilichokufikisha hapo, kila kimoja na picha yake, ukitenganisha kilichoandikwa kwenye gari na kile ulichokadiria kwa majirani.

Mara nyingi utagundua kwamba ofisi haihitaji mwezi kamili. Kama huna lebo ya tarehe ya kuundwa, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani hukubali hati inayoonyesha gari liliuzwa au lilisajiliwa angalau miaka 25 iliyopita. Mantiki ni ileile tuliyoanza nayo: lililosajiliwa lilikuwa limeshaundwa. Kwa hiyo gari la Kijapani lisilo na kibati cha mwezi, lenye hati inayosema usajili wa kwanza ni Machi 2000, linapita kuanzia Machi 2025 bila ubishi. Ukitaka lipite mapema zaidi, kwa mfano Januari, hapo ndipo katalogi ya kiwanda inapokulipa.

Na kama gari linakwenda kupakwa rangi au kuvuliwa vitu vya ndani, piga picha za lebo zote kabla fundi hajagusa kitu: nguzo za milango, chini ya boneti, mikanda, nyuma ya taa, ndani ya rimu. Usisahau karatasi ndogo zilizogandishwa kwenye nyaya chini ya dashibodi. Magari mengi hupoteza tarehe zao kwenye gereji ya rangi, wiki ileile wenyewe wanapoanza kuyapenda kwa dhati.